Msitu wa Wazee na Mlango wa Mahakama



Tumekutana kuzizungumzia kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ya pwani yetu, kutoka Kilifi hadi Kwale. Humo wahenga walijenga maboma yao, humo walizikwa, na humo wazee wangali wakiomba mvua na amani. Kukata mti wa kaya ni mwiko, na mwiko huo, pasipo askari wala bunduki, umeihifadhi misitu hiyo vizazi kwa vizazi.

Watawala walijua tangu zamani kwamba kaya si miti mitupu. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo, wakala kiapo cha kuukataa utawala wa Kiingereza. Agosti 1914, Waingereza wakailipua kaya hiyo kwa baruti.

Nasi wanasheria hatuna budi kukiri kwamba sheria kwa muda mrefu haikuwa upande wa wazee. Mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kupinga jengo refu lililokusudiwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Kesi ilitupwa, aliambiwa hana haki ya kushtaki. Ikiwa msomi yule alifungiwa mlango, mzee wa kaya angesikilizwa na nani?

Ni kweli kwamba mwaka 1992 kaya kadhaa zilitangazwa kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi katika turathi za dunia. Lakini tangazo peke yake halizuii shoka. Silaha yetu ni ibara ya 70 ya Katiba ya 2010: mtu yeyote aweza kwenda mahakamani kuyatetea mazingira, wala halazimiki kuthibitisha kwamba amepata hasara.

Wako waumini wasemao kaya ni mambo ya wapagani. Hatuwaombi mkasali huko. Twawakumbusha tu kwamba anyakuaye msitu wa mzee leo, kesho atakinyakua kiwanja cha kanisa.

Basi mkiona wapimaji wakipanda mawe ya mipaka ndani ya kaya, msingoje. Wasikilizeni wazee, andikeni tarehe, pigeni picha, tafuteni mashahidi, kisha twendeni mahakamani pamoja, mapema. Mti ukishaanguka, hakuna hukumu iwezayo kuusimamisha tena.