Tauni ya Rethy katika somo la biolojia

Mwanafunzi wa biolojia mjini Bunia husoma jenetiki kwa mwalimu mmoja, fiziolojia kwa mwingine, mikrobiolojia kwa wa tatu. Mtihani ukikaribia, anakariri kila somo kivyake. Lakini mkoa wake wa Ituri, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una ugonjwa unaoyaunganisha masomo yote matatu: tauni, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikijitokeza katika eneo la afya la Rethy, huko Djugu.

Chukua kiroboto mmoja. Akinyonya damu ya panya mgonjwa, anameza Yersinia pestis, bakteria aliyetambuliwa na Alexandre Yersin mwaka 1894 huko Hong Kong. Bakteria huzaliana hadi kuziba njia ya chakula. Damu haifiki tena tumboni. Kiroboto anashikwa na njaa, anauma tena na tena, na kila akiuma anatapika bakteria ndani ya jeraha. Panya wakifa nyumbani, anamhamia binadamu.

Na jenetiki? Bakteria huyu angepata shida kubwa kuishi ndani ya kiroboto bila jeni iitwayo ymt, iliyobebwa kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu.

Maswali ya namna hii, yanayogusa pia fiziolojia, ndiyo yanayostahili kuulizwa kwanza Bunia. Kwa nini tezi za kinenani huvimba? Bakteria hufikaje mapafuni, kisha ugonjwa ukaenea kwa kikohozi? Muuguzi wa kijijini anayahitaji majibu hayo pale mgonjwa anapofika na homa kali, maana tauni ya mapafu isipotibiwa mapema kwa antibiotiki huua karibu kila anayeipata.