Pampu ya Kidimbwi Ikipungua Maji

(Mazungumzo mbele ya wanachama watunza bustani na wafanyakazi wa nyumba za wageni, Mombasa)



Kati yetu wapo watunza bustani wa Kizingo na Tudor, na wapo wanaofanya kazi katika nyumba za wageni za Mji wa Kale zenye kidimbwi uani. Nyote mwaijua habari hii: maji yaliyokuwa yakiruka vizuri sasa yadondoka tu, na tajiri auliza, "Nani aliyeharibu pampu?" Mara nyingi hakuna aliyeharibu. Lakini asiyejua sababu hawezi kujitetea.

Kwanza, zima umeme na uchomoe plagi kabla ya kutia mkono majini. Ukiona waya umechubuka, usiiwashe tena. Mwarifu msimamizi papo hapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mfanyakazi aripoti hatari kama hiyo.

Pili, tazama kina cha maji. Siku za kaskazi, jua na upepo huyapunguza upesi. Yakishuka mno, pampu huvuta hewa. Tena maji hayo ndiyo yanayoipoza. Ikizunguka pakavu huungua.

Tatu, safisha chujio. Majani ya mwarobaini na utelezi wa kijani huliziba.

Nne, utoe mpira kwenye pampu, uache pampu ndani ya maji, toa mikono, kisha washa. Maji yakitoka kwa nguvu, ugonjwa u katika mpira: umekunjika, umeziba au umepasuka. Yakitoka kidogo, ugonjwa u ndani ya pampu.

Tano, chomoa plagi tena, ufungue pampu, utazame kigurudumu chenye mapanga kinachosukuma maji. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa. Chokaa hiyo hushika kama ukoko wa wali. Loweka kigurudumu katika siki na maji, ukisugue kwa mswaki mkuukuu, ukisuuze vizuri ili samaki wasidhurike. Ikiwa panga limevunjika, chatakiwa kipya.

Sasa, ndugu zangu, jambo kubwa. Pampu ingali nzima, kinga maji kwa debe la lita 20, huku ukitazama saa. Likijaa kwa dakika 1, pampu yatoa lita 1,200 kwa saa. Andika katika daftari pamoja na tarehe. Kila mwezi pima tena, mahali pale pale, kwa maana maji yakipandishwa juu zaidi hupungua. Siku debe litakapojaa kwa dakika 2, nguvu imebaki nusu. Mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, nawe uandike kwamba umemwambia.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu ya mshahara. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamruhusu tajiri kukata fedha kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, na kwa kiasi cha haki tu. Chokaa si kosa lako la makusudi. Jua la kaskazi si kosa lako. Lakini maneno matupu ofisini hayana uzito; daftari lenye tarehe lina uzito. Ukikatwa bila haki, njoo nalo kwa katibu wa tawi lako, tusimame pamoja.