Mbunifu Majengo na Dhamana ya Muhuri Wake



Tumeombwa kunena machache juu ya kazi ya ubunifu wa majengo, kwa kuwa wengi wetu tuna wana shuleni waulizao watashika kazi gani.

Kujua kuchora hakutoshi. Katika Tanzania kazi hii hutawaliwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, na hapana budi mtu aandikwe katika daftari la Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kwanza ajifunze hesabu kwa bidii; kisha apate shahada, mathalan katika Chuo Kikuu Ardhi; kisha atumike chini ya mkubwa aliyekwisha sajiliwa; mwisho ashinde mtihani wa Bodi.

Njia hiyo ni ndefu, wala si kila mtu hufunguliwa mlango. Paul Williams, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1894, alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto mdogo. Hata hivyo alipata leseni ya California mwaka 1921, na mwaka 1923 akawa mtu mweusi wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wabunifu majengo wa Marekani. Kwa kuwa wateja weupe wengine hawakupenda kukaa ubavuni pake, alijifunza kuchora juu ikiwa chini, ili mtu aliyeketi ng'ambo ya meza aione picha imekaa sawa.

Lakini, ndugu zetu, leseni si pambo. Mwenye muhuri hulipwa na tajiri mmoja, ila dhamana yake ni kwa wote watakaolala chini ya dari ile, na kwa fundi aliye juu ya jukwaa, na kwa jirani. Haifai autie muhuri mchoro asioukagua, wala apokee bakshishi ya muuza saruji, wala aone haya kumwita mhandisi palipo na jambo lipitalo elimu yake. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mjini Dar es Salaam lilianguka, wakafa watu 36.

Sisi makarani nasi tumo. Zamani tuliletewa mezani ramani ya ghorofa isiyo na muhuri. Mwenyewe akatuambia, "Pitisheni tu, karani hajengi nyumba." Twaungama kwamba mkono ulikwisha kuishika kalamu. Kisha tukawakumbuka watoto watakaopanda ngazi zile, tukairudisha. Alikasirika sana, lakini usiku ule tulilala.

Wazee walisema: nyumba njema si mlango. Basi tuwasomeshe wana wetu kazi hii, na kabla ya kuwafundisha kuchora, tuwafundishe kukataa.