Je, Tangi Letu Lahitaji Pampu?



Mmenitaka nizungumzie pampu, nami nitaanza na kosa ambalo mimi mwenyewe nililiinulia mkono. Maji ya tangi la chama chetu yalikuwa yakichuruzika tu kwenye mashine ya kumenyea kahawa, tukadhani hayana nguvu. Tukakata ushuru wa mazao kwa misimu miwili, tukanunua pampu ya dizeli. Mafuta yalipokosekana, kina mama walirudi mtoni na ndoo vichwani. Ndipo mzee mmoja alipouliza tangi liko juu ya mashine kwa kiasi gani. Tulipima: mita 12! Kumbe kilichokuwa kikituzuia ni bomba jembamba. Wazee wa Kilimanjaro, waliochimba mifereji yao miteremkoni kabla ya pampu yo yote kufika, wangalitucheka.

Msukumo wa maji hutokana na kimo, si wingi. Kila mita 10, kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye bilula, huzaa msukumo wa karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Tangi la lita 5,000 na la lita 50,000, maji yake yakiwa katika usawa mmoja, husukuma sawasawa. Bilula ya kujazia ndoo huridhika na mita 2 au 3. Vinyunyizio vikubwa vya shambani hudai mita 20 au zaidi.

Basi pimeni kwanza. Chukueni mpira mwangavu, mujaze maji, muondoe mapovu yote. Maji hukaa usawa mmoja katika ncha zote mbili. Shukeni nao mteremko hatua kwa hatua, mkijumlisha tofauti. Ni kazi ya asubuhi moja. Kisha litazameni bomba. Likiwa refu na jembamba hula msukumo. Kipenyo kikiongezwa maradufu, hupitisha maji zaidi ya mara tano kwa kimo kile kile. Nundu za njiani nazo huficha hewa.

Wengine husema, tuliinue tangi juu ya mnara. Sawa, lakini lita 5,000 ni tani 5, na watoto hucheza chini yake.

Chanzo kikiwa chini ya tangi, pampu haikwepeki. Hata hivyo iwe ya kujaza tangi, si ya kusukumia kila bilula. Kuinua lita 10,000 kwa mita 20 hudai kama nusu uniti ya umeme, nayo hasara ya mashine na bomba yaweza kuifikisha moja au zaidi. Pampu ya nguvu ya jua huimudu kazi hiyo mchana, na usiku tangi hugawa lenyewe. Betri za nini?

Mpira wa kupimia uko ghalani. Katibu atakayeuazima atie sahihi daftarini, na vipimo vyake vitufikie kabla ya ombi la fedha za pampu.