Matarumbeta ya Nyumbani na Yale Tuliyojifunza Chuoni

(Maneno yaliyotolewa na upande wa hazina kwenye chakula cha jioni cha harambee, Dar es Salaam)

Wana Rungwe wenzetu, mliotoka nyumbani juzi na basi na mliokaa mjini hadi mmesahau baridi ya Tukuyu, ndaga fijo kwa kuja.

Kwa kawaida sisi wa hazina tukishika kipaza sauti tunasoma mapato na matumizi, na tunajua kwamba huo ndio muda wenu wa kwenda kuongeza supu. Hesabu za mwaka huu zimechapishwa ndani ya kijitabu, mtazisoma kwa nafasi. Leo tumeomba tuzungumzie kipengele kimoja tu, kile ambacho kwenye kikao cha kamati kilileta maneno mengi kuliko zahanati na madawati: matarumbeta.

Mwaka 2000 tulikuwa vijana sita kutoka nyumbani, tunasoma chuo kimoja cha biashara cha kanisa. Tulikwenda kujifunza kutunza vitabu vya hesabu. Bendi tuliingia kwa sababu wanabendi walisamehewa kufyeka nyasi Jumamosi. Mwalimu alikuwa sajenti mstaafu wa bendi ya polisi, tukimwita Afande, naye hakutupa chombo chochote kwa wiki mbili. Alitukalisha kwenye benchi tukabana midomo na kuitetemesha kwa pumzi, kama watoto wanaoigiza pikipiki. Baadaye tukapewa kile kipande cha kuwekea mdomo peke yake. Wenzetu wa bwenini walituchukia sana kipindi hicho.

Tulipokabidhiwa chombo chenyewe ndipo tulipoelewa. Tarumbeta lina vali tatu tu, na watu hudhani sauti zote zimo humo. Hazimo. Bila kugusa vali hata moja, midomo yenyewe ikikazwa kidogo kidogo inapanda kutoka do kwenda sol, kisha do ya juu, mi, na sol tena. Vali ya pili hushusha sauti nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Mengine yote ni mdomo, sikio na tumbo. Tromboni nayo haina vali, ina mkono wa kuvuta wenye vituo saba visivyo na alama yoyote. Sisi tuliokulia kwaya tulijua sol-fa kama jina letu, lakini nota za mistari zilitutoa jasho kuliko mtihani wa kodi.

Kutembea tulijifunza kando, mikono mitupu, kwenye uwanja wa mpira. Ngoma kubwa inapiga, mguu wa kushoto unatua. Hatua 120 kwa dakika, yaani mbili kila sekunde, kisigino kwanza na goti lisiruke, kwa sababu mwili ukiruka chuma kinagonga meno. (Mmoja wetu yuko hapa ukumbini na jino lake lenye pengo, atawaonyesha mkimnunulia soda.) Tromboni hutangulia mstari wa mbele ili mikono yao isimchome mtu mgongoni. Walio nyuma hawaruhusiwi kungoja sikio, kwani sauti huwafikia imechelewa. Wanatazama mguu wa aliye mbele yao. Na kona ndiyo mtihani wenyewe: wa ndani anakanyaga karibu papo hapo, wa nje anarefusha hatua, mstari ubaki umenyooka. Mei Mosi yetu ya kwanza tulifika kwenye kona ya barabara kuu, ngoma zikakata kulia, tromboni zikaenda moja kwa moja kuelekea stendi ya mabasi, bado zinapiga. Afande hakutukemea. Jumatatu yake tulipiga kona hadi jua likazama.

Sasa tuje nyumbani. Wamisionari wa Kimoraviani waliweka kituo Rungwe mwaka 1891. Kwao Herrnhut, Ujerumani, desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka ilianza mwaka 1732, na sisi tuliokulia kijijini hatuhitaji kusimuliwa. Tuliamshwa na matarumbeta kabla ya jogoo. Wazee walikuwa wakishuka gizani kati ya migomba, mvua inanyesha, tope hadi kwenye vifundo, na kila mmoja analifunika tarumbeta lake kwa koti huku yeye mwenyewe analowa.

Mwaka jana tulimzika mmoja wao. Hatutamtaja jina, familia iko hapa. Alipiga besi, lile tuba kubwa, tangu sisi hatujazaliwa; misiba yote ya kata ile alikuwapo. Siku yake walijitokeza wapigaji watatu, wote wazee, mmoja akiwa amekalia kiti. Besi hakuna. Tuba liliwekwa kando ya jeneza.

Watatu kati ya sita wa chuoni tulikuwa pale chini ya turubai. Binti wa marehemu alituletea tromboni, akasema, "Kaka zangu, baba alikuwa akiwasifu kwamba mnajua." Tukaipokea. Miaka zaidi ya ishirini hatujagusa. Kilichotoka ni hewa tu. Tuliirudisha, na yule binti alisema ahsante kwa adabu ambayo mpaka leo inatuuma.

Kwenye kamati ndugu zetu wameuliza, kwa haki kabisa: je, tununue mapambo ya misiba wakati watoto wanakaa sakafuni? Madawati yamo kwenye bajeti, ukurasa huo huo, hayajapunguzwa hata moja. Lakini tukiri na letu. Miaka michache iliyopita umoja huu ulinunua ngoma na matarumbeta kwa ajili ya vijana wa kata. Hundi tulisaini sisi. Tulipiga picha ya makabidhiano, tukarudi mjini. Vyombo vilifungiwa stoo kwa sababu hapakuwa na wa kufundisha, vali zikaganda kwa kukosa mafuta, ngozi ya ngoma kubwa wakaila panya. Kwenye vitabu vyetu bado viliandikwa kama mali ya kudumu. Tulipokwenda kuhesabu tulikuta vyuma.

Ndiyo maana ombi la safari hii limekaa tofauti. Katika kila shilingi kumi mtakazochangia kipengele hiki, nne ni posho ya mwalimu kwa miaka miwili, siku mbili kwa wiki, kwenye shule ya sekondari ya kata. Mbili ni matengenezo: mafuta ya vali, ngozi, na kulehemu vile vilivyopo ambavyo fundi amesema vinapona. Nne zilizobaki ndizo za kununua vyombo, na havitanunuliwa mpaka mwalimu awe ameanza na vijana wawe wamemaliza majuma ya kutetemesha midomo. Wale wazee watatu wamekubali kukaa naye darasani, kwa sababu zaburi na tenzi za kwetu zina sehemu wanazozijua wao tu kwa kichwa, hazikuandikwa popote. Kwa umri wao, hatuwezi kuliahirisha hili hadi harambee ya mwakani.

Wasichana nao waingie. Chuoni mpigaji wetu bora wa tarumbeta la kwanza alikuwa dada, na leo ni mkaguzi wa hesabu ambaye tunamwogopa.

Fomu za ahadi ziko kwa dada zetu pale mlangoni, na risiti mtapewa papo hapo. Atakayekosa risiti asiondoke. Sisi wa chuoni, waliobaki mjini ni wanne, tumekodi tromboni moja na tunakutana Jumapili jioni kwenye gereji ya mwenzetu huko Kimara. Jirani ameshalalamika mara mbili. Hadi wiki hii nota tano zinatoka vizuri, ya sita bado.