Kidonge cha Mtoto: Asubuhi au Usiku?

(Muziki wa kufungulia. Unashuka.)

Leo nazungumza na mama, baba, shangazi, dada mkubwa, na kila anayelea mtoto aliyeandikiwa dawa ya kumeza kila siku kwa ajili ya huzuni. Wengine huuita ugonjwa huo sonona. Mtoto hana raha wiki baada ya wiki, hataki kucheza, shule haitaki, chakula hakipiti, na usingizi umeharibika.

Swali letu ni fupi: kidonge hicho apewe saa ngapi?

Usilione dogo. Dawa hizi hazileti nafuu siku ya kwanza. Huchukua kama wiki 4 hadi 6. Sasa fikiria mtoto anayepewa kidonge jioni, halafu anakesha usiku kucha. Wiki ya pili mzazi anachoka, anasema dawa inamharibu, anaiacha. Mtoto amepata usumbufu wote, na nafuu hajaifikia. Pengine kilichotakiwa ni kubadilisha saa tu.

Kwanza tujue dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mhudumu wa afya wa kawaida asimwandikie dawa ya sonona mtoto wa chini ya miaka 12. Huyo anahitaji mtaalamu. Kuanzia miaka 12, dawa inayoweza kufikiriwa ni moja, fluoksetini, na hiyo ni baada ya mazungumzo na msaada mwingine kushindwa kumsaidia. Kwa hiyo usinunue dawa hizi dukani kwa kubahatisha, wala usimpe mtoto vidonge vya mtu mzima.

Fluoksetini huwaamsha watu wengi. Ndiyo maana kwa kawaida hutolewa asubuhi. Mtoto anaweza kuimeza akiwa amekula au hajala, kwa hiyo usingoje uji uive ndipo umpe. Lakini watoto hawafanani. Wako wachache ambao dawa hiyohiyo huwafanya wasinzie darasani. Huyo mhudumu anaweza kumhamishia jioni.

Amitriptilini ni kinyume chake. Hiyo hulevya kwa usingizi, na hutolewa jioni, saa moja au mbili kabla ya kulala. Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kutibu sonona ya watoto, ingawa hutumika kwa magonjwa mengine, kama maumivu. Mtoto wako akipewa hiyo, uliza: ni ya ugonjwa gani? Una haki ya kuuliza.

Sasa kuna jambo linalotuchanganya sisi wasemaji wa Kiswahili. Hapa Malawi, mhudumu akisema 8 koloko asubuhi, kwetu ni saa mbili asubuhi. Mzazi akisikia nane akaishika kama saa nane ya Kiswahili, atampa mtoto kidonge mchana, na usiku mtoto anaweza kukosa usingizi. Usiondoke dirishani bila kuuliza: ni wakati wa kuamka au wa kulala? Kisha funga saa hiyo na jambo la kila siku: kunawa uso, kuvaa sare ya shule, au sala ya asubuhi. Hata simu ikiisha chaji, uso utanawiwa.

Je, umesahau? Labda mliondoka alfajiri na basi dogo kwenda hospitali Lilongwe, mmefika Lumbadzi ndipo unakumbuka kidonge kimebaki nyumbani. Usiogope. Fluoksetini hukaa mwilini siku nyingi, na siku moja ikipita haiharibu kazi. Mkirudi mchana, mpe. Mkirudi usiku, acha, umpe kesho asubuhi kama kawaida. Usimpe viwili kwa pamoja ili kulipia cha jana. Na usiache dawa ghafla. Ukiona vidonge vimebaki vya wiki moja, rudi kituo cha afya kabla havijaisha.

Mtoto akizidi kukosa usingizi, mpelekee mhudumu habari kamili. Ukiweza, andika kwa siku saba: dawa amemeza saa ngapi, amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi, ameota ndoto mbaya au la. Huenda kinachomwamsha ni vita alivyoviona, si kidonge. Huenda ni chai nzito ya jioni, au simu mkononi, au kelele za jirani. Karatasi hiyo itamsaidia mhudumu kujua kama abadilishe saa, apunguze dozi, au atafute chanzo kingine.

Lakini kuna mambo yasiyongoja siku saba. Hasa wiki za mwanzo, na kila dozi inapobadilishwa, mwangalie mtoto kwa karibu. Akianza kuhangaika asiweze kutulia, akiwa halali kabisa na bado ana nguvu na maneno mengi kupita kawaida, akiwa na hasira ambayo si yake, akisema anataka kufa au akijiumiza, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usimwache peke yake. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kufa hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kusema.

Na dawa zenyewe, usiziache chini ya godoro ambapo watoto wote wanafika. Amitriptilini nyingi kwa mara moja inaweza kusimamisha moyo. Zifungie sandukuni, ufunguo ukae kwako, na kidonge umpe mwenyewe kwa mkono wako, umwone akimeza.

Mzazi mwenzangu wa redio, kumpa mtoto dawa hii si aibu, wala si dalili kwamba umeshindwa kumlea. Kesho asubuhi angalia pakiti, soma jina la dawa, na kama hujui ni ya asubuhi au ya usiku, nenda ukaulize kabla ya kumpa nyingine.

Mwambie na jirani.

(Muziki wa kufungia.)