Mgonjwa wa Kifua Akipinda Mdomo
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Mariakani)



Leo twataka tuzungumze juu ya kiharusi. Wengi wetu twajua kwamba huletwa na presha au sukari. Lakini iko njia nyingine isiyosemwa sana: ugonjwa mkali wa kifua wa virusi, kama mafua makali au korona, hasa ukimlaza mtu hospitalini.

Hutokeaje? Mwili ukipigana na virusi, mishipa ya damu huumia kwa ndani, na damu huganda upesi. Tena mgonjwa hanywi maji ya kutosha, amelala tu. Donge la damu likiziba mshipa wa ubongo, upande mmoja wa mwili hupooza.

Twakumbuka Aprili 2020, Kilifi, Mombasa na Kwale zilipofungwa kwa sababu ya korona. Mwaka huo madaktari wa hospitali mbili za New York, Marekani, walihesabu wagonjwa 1,916 wa korona: 31 walipata kiharusi. Katika wagonjwa 1,486 wa mafua wa miaka ya nyuma, walikuwa 3. Si wengi, lakini mwenye presha yuko hatarini zaidi.

Basi sisi tunaouguza watu wetu tuangalie mambo matatu:

1. Je, mdomo umepinda?
2. Akiinua mikono yote miwili, mmoja waanguka?
3. Je, maneno yavurugika?

Ukiona hata moja, usiseme "ni uchovu wa homa" wala "ni upepo mbaya". Mwite muuguzi papo hapo, umwambie ilianza saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, hutolewa kabla ya masaa manne na nusu kupita, baada ya kupigwa picha ya kichwa. Usimpe chakula wala maji, asije akapaliwa. Aspirini pia usimpe, kwani huenda mshipa umepasuka.

Mwenye dawa za presha aende nazo hospitalini awaonyeshe wauguzi; asiziache kwa kuwa ana homa. Na akirudi nyumbani, tuzidi kumwangalia wiki za mwanzo, maana hatari haiishi siku ya kutoka wodini.

Mwisho, kila kikundi kijiulize: ikitokea usiku, nani ana gari au bodaboda, na nauli itatoka wapi? Tutenge fedha hizo mapema. Kiharusi hakingoji mchango.